Soko la duara: uchambuzi wa kisa cha kazi ya studio, mwaka wa tatu

Kisa hiki kimeundwa kwa ajili ya uchambuzi, lakini mtu aliyepita studio ya usanifu majengo atakitambua. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu amepewa brifu, yaani orodha ya mahitaji, ya soko la kata jijini Dar es Salaam. Kriti ya katikati, kikao ambacho wajumbe huhoji michoro iliyobandikwa ukutani, inamwangusha. Anaanza upya akiwa na nusu tu ya muda, na kriti ya mwisho anapita vizuri. Tutaangalia nini hasa kilibadilika kati ya kriti hizo mbili, kwa vipimo, kwa sababu maelezo ya jumla ya aina ya "boresha dhana yako" hayajawahi kumsaidia mtu kuchora.

Kiwanja ni mita 42 kwa 60. Upande mfupi umetazama barabara, magharibi. Ardhi inateremka kwenda mashariki kwa mita 1.2, yaani 1:50, na nyuma kabisa kuna mtaro wa maji ya mvua. Mbele inatakiwa kuachwa mita 5, pande nyingine mita 3. Brifu inataka vizimba 120 vya mboga, matunda na bidhaa ndogo, fremu 6 za maduka, bucha, samaki, sehemu ya nafaka, mama lishe, ofisi ndogo yenye mizani, vyoo, sehemu ya taka, na njia ya gari la mizigo aina ya Fuso.

Mwanafunzi alikuja na wazo la ungo. Soko lingekuwa duara moja lenye kipenyo cha mita 36, na paa lake lingebonyea katikati kama ungo, kingo juu, bila nguzo ndani. Mama lishe wangekaa ghorofani, kwenye roshani inayozunguka, ili wateja wale wakitazama soko chini. Michoro sita ya karatasi kubwa za A1 ilipobandikwa ukutani, minne ilikuwa picha za kompyuta.

Wajumbe wa kriti wakalishambulia duara. Hapo ndipo tunapotofautiana nao.

Duara halikuwa na hatia waliyolibebesha

Hoja iliyorudiwa zaidi ilikuwa kwamba duara linapoteza nafasi. Hoja hiyo inapimika, kwa hiyo tuipime.

Kwanza kizimba. Mwanafunzi alikuwa amechora alama 120 za mita 1.2 kwa 1.0, saizi ya meza tupu. Muuzaji hana pa kukaa, gunia la viazi halina pa kusimama. Kizimba kinachofanya kazi kina meza yenye kina cha sentimita 80 na nyuma yake sentimita 70 za muuzaji, kigoda na magunia: jumla mita 1.5. Upana wa mbele ni mita 1.8. Ujia wa wateja ni mita 2.4, ili watu wawili wenye vikapu wapishane na mchukuzi mwenye gunia kichwani bila mmoja kuingia kwenye nyanya za watu.

Sasa panga vizimba hivyo ndani ya duara. Safu ya nje inauegemea ukuta na uso wa meza zake uko mita 16.5 kutoka kitovu. Halafu ujia, halafu safu mbili zilizopeana mgongo, ujia tena, na safu mbili nyingine. Ukate duara robo nne kwa njia za kuingilia. Kila robo inabeba vizimba 12, 10, 8, 6 na 3, yaani 39. Duara zima 156. Soko la mstatili lenye eneo karibu lile lile, mita za mraba 1,020 hivi, likiwa na njia kuu katikati, linabeba 168. Tofauti ni vizimba 12. Hakuna mtu anayetupa wazo la mradi kwa ajili ya vizimba 12, hasa brifu ikitaka 120.

Kilicholiua duara ni mambo matatu ambayo hayakuonekana kwenye plani, mchoro wa jengo likitazamwa kutoka juu, hata kidogo.

La kwanza ni gari. Duara la mita 36 kwenye kiwanja cha mita 42 linaacha mita 3 kila upande pale linapokaribia ukuta wa mpaka, na paa lilikuwa limetokeza mita 1.2. Zinabaki mita 1.8. Fuso halipiti hapo, na gari la zimamoto pia halipiti. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, kwa hiyo swali la gari la zimamoto litaulizwa kwenye kriti yoyote ya soko, na plani hii haikuwa na jibu. Taka zilikuwa zimewekwa nyuma. Mzigo ungeshushwa barabarani na taka zingepitishwa katikati ya wateja.

La pili ni mteremko. Mkato (mchoro wa jengo kama limekatwa wima) ulikuwa mmoja tu, umepita pazuri, na mstari wa ardhi ulikuwa umenyooka kama rula. Ukiweka mteremko halisi wa 1:50 chini ya sakafu hiyo bapa iliyo sentimita 15 juu ya barabara, ukingo wa mashariki unaning'inia mita 1.03 juu ya ardhi. Mkokoteni unahitaji rampu ya 1:12, yaani mita 12.4 za urefu, kuingia kwa nyuma, haikuchorwa. Ukitoa sentimita 25 za zege na mawe ya jamvi, bado kuna wastani wa sentimita 42 za kifusi chini ya mita za mraba 1,018. Hiyo ni takriban mita za ujazo 430. Tipa la mita za ujazo 7 litakwenda safari zaidi ya 60, kabla hujahesabu jinsi kifusi kinavyopungua kikishindiliwa. Mkadiriaji majenzi angeliona hilo kabla hajamaliza chai.

La tatu ni paa, na hili linastahili nafasi yake.

Ungo na maji

Paa linalobonyea katikati ni beseni. Chukua mvua ya masika inayopiga kwa kasi ya milimita 100 kwa saa. Juu ya mita za mraba 1,158 za paa pamoja na kingo zilizotokeza inaleta karibu lita 32 kila sekunde, zote zikikimbilia kitovu. Mwanafunzi alikuwa ameweka bomba moja la milimita 100, lililofichwa ndani ya nguzo ya mapambo.

Kanuni ya kukadiria haraka studio ni sentimita ya mraba 1 ya bomba kwa kila mita ya mraba 1 ya paa. Bomba la milimita 100 lina sentimita za mraba 78.5. Paa hili linahitaji mabomba 15. Na hata yakiwepo 15, yote yako sehemu moja, mahali ambapo majani ya mwembe na mifuko ya plastiki nayo yatakusanyika. Mabomba yakiziba, kila sentimita 1 ya maji inayosimama juu ya paa lote ni karibu tani 12, nayo haitasambaa sawasawa: itakaa katikati, pale paa lenyewe lina kazi ngumu zaidi ya kujibeba.

Hapa mwanafunzi alijitetea kwa kutaja Kariakoo. Kwenye ubao wake kulikuwa na picha ya soko hilo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, pamoja na maelezo kwamba paa lake nalo linapokea maji kwa ndani. Ni kweli, lakini picha ilitazamwa bila kuchorwa upya. Paa la Kariakoo ni miamvuli mingi ya zege yenye umbo la faneli. Kila mwamvuli una eneo lake dogo na nguzo yake, maji yake yanashukia hapo hapo. Faneli moja ikiziba, zilizobaki zinaendelea na kazi. Amuli aligawa mzigo wa maji kabla hajatengeneza umbo. Mwanafunzi alichukua umbo la faneli moja na kulikuza hadi mita 36. Angekaa jioni moja na karatasi ya trasi akichora mkato wa mwamvuli mmoja tu wa Kariakoo, akaweka mishale ya maji na ya mzigo, asingefika kriti na paa lile.

Kuna pia suala la unene. Kwenye mchoro wa skeli ya 1:200, ambako mita 2 ni sentimita 1 ya karatasi, paa lilikuwa mstari mmoja mwembamba. Kenchi ya chuma inayoruka mita 36 inataka kimo cha takriban sehemu moja ya kumi na mbili ya urefu huo, sawa na mita 3. Ungo mwembamba wa kwenye picha ungekuwa na tumbo la mita 3. Na kwa nini uruke mita 36? Uwanja wa mpira wa kikapu unahitaji nafasi isiyo na nguzo. Meza za nyanya hazihitaji, kwa sababu nguzo ikikaa mahali pazuri muuzaji ataifungia kamba ya kuning'iniza vitunguu.

Ngazi

Fupi, kwa sababu kosa lake ni la kawaida mno. Roshani ilikuwa mita 3.6 juu. Nafasi ya ngazi iliyochorwa ni mita 2.4 kwa 4.0. Ndani yake inaingia ngazi ya nyumbani: upana mita 1.1, vipandio 20 vya milimita 180 (kimo cha hatua), kanyagio la milimita 250 (kina cha kukanyagia). Kwa jengo la umma, ambako mhudumu anashuka na sinia la sahani chafu huku mteja akipanda, chukua kipandio cha milimita 150 na kanyagio la 300. Vinatoka vipandio 24, mikondo miwili ya 12, kila mkondo wenye kanyagio 11 sawa na mita 3.3. Weka vituo viwili vya mita 1.5, upana wa mita 1.5 kila mkondo na nafasi ya sentimita 20 katikati. Ni mita 6.3 kwa 3.2. Nafasi hiyo haikuwepo. Mwenye kiti cha magurudumu naye angehitaji rampu ya mita 43 bila kuhesabu vituo. Na ndoo za maji, mkaa, masufuria? Mama lishe walishushwa chini, na ngazi ikafutwa pamoja nao.

Kuanza upya kutoka kwenye kizimba

Baada ya kriti mwalimu wa studio alimpa kazi moja: chora kizimba kimoja kwa skeli ya 1:20, na mtu ndani yake, kisha usichore kitu kingine mpaka ujue kinachofuata kinatoka wapi.

Vizimba viwili vilivyopeana mgongo vina kina cha mita 3.0. Ongeza ujia wa 2.4: mita 5.4. Kwa upande mwingine, vizimba vitatu vya 1.8 vikipangana ni mita 5.4 tena. Gridi, yaani mpangilio wa nguzo, ikajileta yenyewe, mita 5.4 kwa 5.4, kila chumba cha gridi kikibeba vizimba 6. Vizimba 120 ni vyumba 20.

Kabla ya hapo alikuwa ameweka gridi ya mita 6, kwa mazoea tu. Matokeo yake yanafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu studio nzima hufanya hivi. Nguzo ya kwanza ilikaa vizuri katikati ya migongo. Ya pili ikasogea sentimita 60 kutoka mstari huo, ya tatu mita 1.2, ambayo tayari iko chini ya meza ya mtu. Ya nne ikasogea mita 1.8, ikatokea ndani ya ujia, sentimita 30 mbele ya meza. Kwenye plani ya 1:200 hukuona, kwa sababu nguzo ni kidoti na ujia ni nafasi nyeupe. Kwenye skeli ya 1:50 ni nguzo inayozuia mkokoteni.

Kwa gridi ya 5.4 nguzo zote zinabaki kwenye ukanda wa mita 1.4 ambao wauzaji wa pande mbili wanaushiriki. Nguzo ya milimita 250 inaacha sentimita 57 kila upande, mtu anapita kwa ubavu. Wauzaji wanaingia kwenye ukanda huo kutoka mwisho wa safu, kwa hiyo miisho ya safu haikuzibwa na meza.

Soko likawa vyumba 5 kwa 7: mita 27 kwa 37.8. Ukanda wa katikati, vyumba 7, ni njia kuu inayotoka barabarani hadi nyuma. Vinabaki vyumba 28: 20 vya vizimba, 3 vya nafaka, 3 vya mama lishe, 1 cha ofisi na mizani, 1 cha stoo. Mbele yake fremu sita za mita 3.6, tatu kila upande wa lango la mita 5.4, jumla yake ni 27 kamili. Fremu zina kina cha mita 4.8. Upande wa kusini zimeachwa mita 3, na upande wa kaskazini zikabaki mita 12. Huko ndiko ilikopita njia ya gari ya mita 6 kandokando ya ukuta wa mpaka.

Njia ya mita 6 inalipitisha Fuso lakini haimruhusu dereva kugeuza. Nyuma ya soko zilikuwepo mita 12.4 hadi mpaka, na hapo ikachorwa sehemu ya kugeuzia yenye umbo la T. Wanafunzi wengi hukatia njia ya gari mwisho wa karatasi, na dereva wao wa kufikirika hutoka kinyumenyume hadi barabarani mbele ya daladala.

Sakafu inayoteremka

Uamuzi bora wa mradi mzima, kwa maoni yetu, ni huu. Badala ya kujaza kifusi, au kukata ngazi tatu zenye rampu kama alivyofanya kwenye skechi ya kwanza, sakafu iliachwa ifuate ardhi kwa 1:50, sentimita 15 juu yake. Mteremko huo mguu hausikii, kiti cha magurudumu kinaupanda bila shida, na ndio huo huo unaohitajika ili sakafu inayomwagiwa maji kila jioni ijikaushe.

Pingamizi la kawaida ni kwamba meza zitainama. Zingeinama kama safu zingekwenda na mteremko: milimita 36 kwa kila kizimba, nyanya zikibingirika. Safu zilipangwa kaskazini–kusini, kwa kufuata kontua (mistari ya ardhi yenye kimo kimoja), kwa hiyo kila meza iko sawa kwa urefu wake. Njia kuu pekee ndiyo inayoshuka. Duara lisingeweza kufanya hivi, kwa kuwa safu zake zinageukia kila upande.

Kila ujia una mfereji wa milimita 200 wenye kifuniko cha chuma cha kunyanyuliwa, kwenye ukingo wake wa chini, upande wa mashariki. Maji ya sakafu yanashuka yenyewe hadi kwenye mfereji, kisha yanatolewa pembeni kwa 1:100. Kwa urefu wa mita 10.8 mfereji unazama milimita 108 kutoka mwanzo hadi mwisho. Kina hicho lazima kionekane kwenye mkato; mwanafunzi alikisahau mara ya kwanza na mfereji ukawa unakata juu ya msingi wa nguzo ya nje.

Paa la pili

Mkato wa kaskazini–kusini ndio uliobeba mradi. Paa linateremka kutoka katikati kwenda nje pande zote mbili, mita 10.8 kila upande, mwinamo wa nyuzi 12, ambao kwa umbali huo unapanda mita 2.3. Nguzo za pembeni zina mita 3.0 upande wa barabara. Kwa kuwa paa liko sawa na sakafu inashuka, upande wa nyuma zinafika karibu 3.75. Juu ya njia kuu paa dogo limenyanyuliwa sentimita 90 na kutokeza sentimita 90 kila upande, na upenyo huo hauna kioo wala wavu.

Kwa nini 90 kwa 90? Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Juni jua liko kaskazini, na adhuhuri lina kimo cha nyuzi 60. Lakini adhuhuri si saa ya kupimia. Saa tatu asubuhi kwa saa ya jua, pembe yake ikipimwa kwenye mkato wa upande wa kaskazini ni nyuzi 52. Desemba, upande wa kusini, saa hiyo hiyo ni 65. Kutokeza sawa na uwazi kunakata kila jua lililo juu ya nyuzi 45. Kwa hiyo kuanzia saa tatu hadi saa tisa, mwaka mzima, jua haliingii, na hewa ya moto inatoka. Kumbuka pia kwamba Dar es Salaam jua la utosi halifiki saa sita kamili bali wastani wa dakika 20 na ushei baadaye. Ukilinganisha modeli na saa ya ukutani utashangaa.

Angeuelekeza upenyo huo mashariki na magharibi, hesabu ingekataa. Fremu za mbele zinaonyesha kwa nini. Zimetazama magharibi. Machi, saa kumi na nusu jioni kwa saa ya jua, jua liko nyuzi 22 tu. Kuufunika mlango wa mita 2.4 kwa kivuli kungehitaji kibaraza cha karibu mita 5.8, ambacho kingefika barabarani. Mwanafunzi aliweka kibaraza cha mita 2.4 na safu ya miarobaini kwenye mita 5 za mbele. Ni jibu sahihi, isipokuwa kwamba kwenye mchoro miti ilikuwa tayari imekomaa.

Maji sasa yanakwenda nje pande mbili, na hakuna gata hata moja iliyo ndani ya jengo. Kila upande ni mita za mraba 555 za paa pamoja na kingo. Mistari ya nguzo ni 8, na kila mmoja ukapewa bomba la milimita 100: sentimita za mraba 628 dhidi ya 555 zinazohitajika. Bomba moja likiziba, yaliyobaki saba yanakaribia kutosha. Tangi la lita 10,000 upande mmoja linajaa kwa mvua ya milimita 20. Maji hayo ni ya kuoshea sakafu na vyoo, si ya kunywa, na bomba la kutupia maji ya kwanza yenye vumbi la paa lilichorwa.

Kwa kuwa nguzo ziko kila mita 5.4, kenchi ni za mbao za kawaida na mabati hayakatwi kwa mzunguko. Bati lililochaguliwa ni la geji 28, ambalo ni nene kuliko la geji 30. Kwenye soko, ambako watu hupanda juu kufunga vitambaa na waya, geji 30 inabonyea mapema.

Upepo, samaki na taka

Mpango wa kwanza uliweka samaki nyuma "ili wasionekane". Pwani hii upepo unatoka upande wa bahari karibu mwaka mzima: kusi kutoka kusini-mashariki, takriban Aprili hadi Oktoba, na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi. Nyuma ya kiwanja ni mashariki. Samaki wasioonekana wangenukia soko zima.

Katika mpango wa pili samaki na bucha walipewa jengo lao dogo upande wa kaskazini, vyumba vitatu vya gridi kwa urefu, kina mita 4.8, likitenganishwa na soko kwa uwazi wa mita 1.2 wenye mfereji. Gari linashusha barafu na nyama hapo hapo. Kusi ikivuma harufu inakwenda kwenye njia ya gari. Mama lishe walikwenda magharibi, karibu na lango, ambako moshi unapeperushwa nje na wateja wa njiani wanawaona kwanza.

Taka zilileta mgongano ambao haukuisha. Lazima ziwe nyuma, gari linakofika. Kona ya kusini-mashariki ingepeleka harufu sokoni wakati wote wa kusi, kwa hiyo ilichaguliwa kona ya kaskazini-mashariki, inayosumbua wakati wa kaskazi tu. Ni miezi michache zaidi ya unafuu, si suluhisho. Mjumbe mmoja wa kriti ya mwisho aliuliza jirani wa kaskazini atasemaje, na swali hilo ni halali. Ukuta wa mita 2.4 na pipa lenye mfuniko havizuii harufu ya utumbo wa samaki.

Kilichobandikwa ukutani

Mara ya pili zilikuwa A1 nne. Mchoro wa kiwanja kwa 1:200, wenye kontua na njia ya gari kutoka lango hadi sehemu ya kugeuzia. Plani na mikato miwili kwa 1:100, mkato wa mashariki–magharibi ukionyesha ardhi ilivyo. Ya tatu ilikuwa nusu ya mkato wa kaskazini–kusini kwa 1:20, kutoka gata hadi katikati ya njia kuu: mita 13.5, yaani milimita 675 kwenye karatasi, inatosha bila kubana. Mbele ya hiyo ndipo wajumbe waliposimama kwa muda mrefu zaidi. Ya nne ilikuwa mionekano na picha moja tu ya ndani.

Modeli ya kwanza ilikuwa duara zima kwa 1:100, na kazi yake yote iliishia kwenye kukunja kadibodi ya paa. Ya pili ilikuwa kipande cha jengo kwa 1:50, upana wote wa mita 27 kwa vyumba viwili, yaani sentimita 54 kwa 21.6. Ilibebwa nje, ikawekwa juani pamoja na karatasi yenye saa ya jua iliyochorwa kwa nyuzi 6.8 kusini, ikainamishwa mpaka kivuli cha pini kikasoma saa tatu ya Juni. Upenyo wa paa ulikuwa na kivuli. Kisha ikamwagiwa kikombe cha maji, jambo ambalo modeli ya gundi nyeupe huvumilia mara moja tu, na maji yakaonekana yakirudi chini ya ukingo wa paa dogo hadi ndani. Kofia ya ukingo ikaongezewa mkunjo wa kudondoshea maji kwenye mchoro wa 1:20.

Wazo la ungo lilibaki kwenye maelezo ya mradi kwa aya mbili, bila kuwa na kazi yoyote kwenye jengo. Alama zake chache zilipotelea hapo: aliulizwa ungo uko wapi sasa, akaanza kueleza kwamba soko "linapepeta watu". Angezifuta aya hizo. Swali lililomshinda kabisa lilikuwa jingine, tena dogo: nani anasafisha gata iliyo mita 3 juu, upande wa kusini wenye uchochoro wa mita 3, na ngazi yake inahifadhiwa wapi? Kile chumba cha stoo kilikuwepo kwenye plani. Mlango wake ulikuwa wa sentimita 80 na umefunguliwa kwenye kona, na ngazi ya alumini ya mita 4 isingegeuka kuingia.